Nyumba Njema si Mlango: Namna ya Kupanga Duka Jembamba na Refu

Simama saa saba mchana ng'ambo ya mtaa wowote wa Kariakoo, utazame fremu zilizo mbele yako. Utaona mlango, midoli miwili iliyovishwa magauni, muuzaji juu ya stuli na mita mbili tatu za bidhaa. Baada ya hapo ni giza. Mwenye duka analipia kodi mita 12, lakini mpita njia anaziona 3.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walimwonya mgeni asiihukumu nyumba kwa sura yake ya nje. Mwenye duka anapaswa kuisikia methali hiyo kwa sikio jingine, maana mteja hajalazimika kufungua wala kuingia. Asipoona akiwa barabarani kitu cha kumvuta hadi ndani, atapita zake, na duka la jirani liko hatua nne mbele.

Makala hii ni kwa mwenye fremu nyembamba yenye kina, iwe Kariakoo, Darajani, Mtaa wa Biashara kule Mombasa au kwenye stendi ya mji mdogo. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja twende nao mwanzo hadi mwisho: fremu ya upana wa mita 3, urefu wa mita 12 na dari ya mita 3, yenye mlango wa mbele pekee. Inauza kanga, vitenge na nguo zilizoshonwa. Kama wewe unauza viatu, vipodozi au vitabu, badilisha bidhaa. Hesabu ni ileile.

Na kanuni ni moja, mengine yote yanazaliwa nayo: anza kupanga kwa ukuta wa mwisho. Wengi huanzia mlangoni, wakishindilia kila kizuri mbele, na wakifika nyuma fedha na mawazo vimekwisha. Panga kinyume chake.

Wajenzi wa pwani walishalitatua

Chumba chembamba na kirefu si jambo geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe na dari za boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ukiizidisha sana mita 3 inaanza kulegea. Kwa hiyo vyumba vilitoka vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3, na urefu ukaachwa uende utakako.

Tazama walivyofanya mafundi wa Lamu. Kutoka uwanda ulio wazi, ambako mwanga unaingia, vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani. Pambo halikumwagwa lote mlangoni. Liliongezeka kadiri mtu anavyoingia, na ukuta uliosheheni zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu na kupangwa sahani za kigeni, ulikuwa kule ndani kabisa. Aliyekaa karibu na uwanda aliuona kwa mbali, na jicho likawa limeshafika kabla ya miguu.

Hilo ndilo tunaloliiga. Duka lako lina upana ule ule wa chumba cha boriti. Unachokosa ni zidaka mwishoni.

Pima kwanza, seremala baadaye

Chukua futi kamba na karatasi kabla ya kununua ubao hata mmoja. Andika upana mahali patatu (mbele, katikati na nyuma), kwa sababu kuta za fremu nyingi hazikwenda sambamba. Andika nguzo zinakotokeza, swichi ya umeme ilipo, mlango unavyofunguka na urefu wa kizingiti kutoka barabarani.

Kisha gawa. Katika mfano wetu, mita 1.5 za nyuma kabisa tunazitenga kwa kiambaza cha mbao nyepesi: huko kutakuwa na stoo na chumba cha kujaribia nguo. Usiione hasara. Mzigo uliofungwa kwenye mifuko ya plastiki ukirundikwa mbele ya mteja hauuzi kitu, unampa tu hisia kwamba amepotea njia akaingia ghalani. Eneo la mauzo linabaki mita 10.5 kwa 3, nalo tunaligawa sehemu tatu: kipenu cha kuingilia cha mita 1.5, eneo la mbele hadi kwenye mita ya 5, kisha eneo la ndani hadi kwenye kiambaza. Kwenye mita ya 5 hivi patakuwa na kituo. Tutakifikia.

Jambo la mkataba linaingia hapa pia. Fremu ni ya kupanga, na pengine umeshatoa kilemba juu ya kodi. Usijenge kitu kisichohamishika. Tengeneza rafu zinazosimama zenyewe na kushikizwa ukutani kwa skrubu chache, na kiambaza kinachoweza kufunguliwa vipande. Siku ukihama, unahama navyo. Mwenye nyumba aulizwe kwanza kabla ukuta haujatobolewa, na jibu lake liwe la maandishi. Kwa walio Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kugusa mlango, ukuta au uso wa jengo kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani, na baada ya misimu miwili rangi inavimba na kubanduka juu ya vitenge vyako.

Ukuta wa mwisho

Kiambaza chetu kina upana wa mita 3. Upande mmoja tunaacha uwazi wa sentimita 80 wa kuendea stoo na chumba cha kujaribia, ukiwa na pazia zito la rangi moja na ukuta. Zinabaki mita 2.2, na hizi ndizo mita zenye thamani kuliko zote dukani.

Weka hapo kitu kimoja kikubwa, si vitu 40 vidogo. Kanga moja iliyokunjuliwa ina takriban mita 1.5 kwa 1.1, itandaze kwenye fremu nyembamba ya mbao, jina lake likisomeka, usawa wa macho au juu kidogo. Pembeni yake jenga vidaka vichache, vya kina cha sentimita 20 tu, kila kimoja na kitu kimoja ndani: mkoba, kofia, kitenge kilichokunjwa vizuri. Badilisha kanga hiyo kila wiki. Watu wa mtaani wataanza kuchungulia ili waone wiki hii imesema nini.

Upake ukuta huo rangi iliyokolea na yenye joto, kama ya udongo, ya bizari au nyekundu ya matofali. Kuta ndefu za pembeni ziwe nyeupe isiyo kali au rangi ya maziwa. Rangi iliyokolea huonekana kusogea karibu na mtazamaji, nyepesi huonekana kurudi nyuma. Kwa hiyo mwisho wa duka unasogea, pembeni panapanuka, na duka linapunguza kufanana na bomba bila kuvunja tofali.

Jizuie na kishawishi kimoja: kioo kikubwa cha kujitazamia kwenye ukuta wa mwisho. Kinafanya duka refu liwe refu maradufu, na anayeingia anajiona akija kutoka mbali kana kwamba anakutana na mtu kwenye ushoroba wa hospitali. Kioo kina mahali pake, lakini si pale.

Njia ni bidhaa ya kwanza

Watu wawili wapishane bila kugusana wanahitaji njia ya sentimita 120. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji 90 ili apite, na duara la 150 ili ageuke. Kariri namba hizo tatu.

Sasa piga hesabu. Ukiweka rafu za kina cha sentimita 35 kila upande, katikati inabaki mita 2.3. Inatosha sana, na hapo ndipo tamaa inapoingia: "Nitie stendi moja ya nguo katikati." Stendi ya nguo zilizoning'inizwa inakula sentimita 60. Ikiwekwa katikati inaacha vinjia viwili vya sentimita 85, na hakuna hata kimoja kinachopitisha watu wawili. Umeongeza magauni 30, umepoteza wateja wa nyuma wote.

Kuna mtafiti Mmarekani, Paco Underhill, aliyetumia miaka mingi kuwatazama watu wakinunua, akaandika kitabu *Why We Buy* mwaka 1999. Anaeleza kisa cha duka kubwa la New York lililokuwa na stendi ya tai karibu na mlango, kwenye njia ya watu. Wateja walisimama kuchagua, wakasukumwa mgongoni mara moja, mara mbili, kisha wakaondoka bila kununua. Stendi ilipohamishwa pembeni mwa njia, mauzo yakapanda. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi ya usumbufu. Mama aliyevaa buibui, akiinama kutazama rafu ya chini, hatakubali mwanamume apite nyuma yake akimgusa. Hatalalamika. Atasema "nitarudi", na hatarudi.

Basi katikati iachwe wazi. Nguo zilizoning'inizwa zikae ukuta mmoja, zilizokunjwa ukuta wa pili: sentimita 60 upande huu, 35 upande ule, na njia inabaki mita 2 na ziada. Bidhaa zinazotazamwa kwa kuinama, au zinazochukua muda kuchaguliwa, zikae eneo la ndani ambako msongamano ni mdogo. Zile za kuchukua na kwenda, kama vilemba, vitambaa vya kichwa na soksi, zikae mbele.

Kwa urefu, panga hivi: kuanzia goti hadi kiunoni weka vizito na akiba, kati ya sentimita 90 na 160 weka unavyotaka viuzwe leo, juu ya sentimita 180 weka vya kuonyesha tu, kwa maana wateja wengi hawafiki na hawapendi kuomba kuteremshiwa. Rafu za mbele ziwe fupi kuliko za ndani ili jicho la aliye barabarani lipite juu yake hadi kwenye ukuta wetu. Na usining'inize kitu juu ya njia. Mabegi na madera yaliyofungwa kwenye dari humfanya mtu aingie kwa kuinamisha kichwa, na anayeinamisha kichwa haoni rafu.

Mwanga: jicho linatoka juani

Jua la mchana wa Dar es Salaam linaweza kumwaga luksi 100,000 barabarani. Duka lenye taa nzuri lina 300 hadi 500. Jicho likitoka kule na kutazama huku linaona weusi, na linahitaji dakika kadhaa kuzoea. Hii ndiyo sababu fremu yako inaonekana pango hata kama wewe uliyekaa ndani tangu asubuhi unaona kuna mwanga wa kutosha. Usiamini jicho lako, vuka barabara.

Mwanga wa mlangoni nao hauendi mbali. Kwa kawaida unafika mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa mlango. Mlango wa mita 2.4 unakupa mita 5 au 6. Kuanzia hapo ni kazi ya taa. Wenye nyumba nyembamba za Kyoto, Japani, ambazo wenyewe huzifananisha na kitanda cha samaki aina ya mkunga, waliacha kibustani kidogo katikati ya jengo ili jua lidondoke ndani. Kama duka lako halina ghorofa juu yake na lina paa la bati, unaweza kuiga kwa urahisi: bati moja linalopitisha mwanga, likiwekwa juu ya eneo la ndani, linaokoa umeme wa mchana kutwa. Aliye chini ya ghorofa sita hana njia hiyo.

Hesabu ya taa ni nyepesi. Eneo letu la mauzo ni mita za mraba 31.5. Zidisha kwa luksi 300, unapata lumeni 9,450. Vumbi, kuta na umbali vinakula sehemu, kwa hiyo ongeza nusu: takriban lumeni 14,000. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa kama lumeni 800. Unahitaji balbu 17 au 18, jumla ya wati 160 hivi. Soma lumeni zilizoandikwa kwenye boksi. Wati zinakuambia unakula umeme kiasi gani, hazikuambii utaona kiasi gani.

Usizipange zote katikati ya dari kwa mstari mmoja. Mstari huo unageuka reli, unarefusha duka, na unamulika sakafu ambayo huiuzi. Zisogeze hadi sentimita 60 au 70 kutoka kila ukuta, zimulike bidhaa. Nne kati yake, zenye mwanga wa kulenga, zielekeze kwenye ukuta wa mwisho, upate mwanga mara mbili au tatu kuliko sehemu nyingine. Mwanga huo wa kule mwisho ndio mwaliko wenyewe.

Rangi ya mwanga ina namba: kelvini 2700 hadi 3000 ni ya manjano yenye joto, 4000 ni nyeupe ya wastani, 6500 ni ile nyeupe ya bluu inayopendwa kwa kuwa "inawaka sana". Kwa nguo chagua kati ya 3000 na 4000, na usichanganye. Mwanga wa 6500 unafanya ngozi ya mteja ionekane na majivu kwenye kioo, na mtu asiyejipenda kwenye kioo hanunui gauni. Tazama pia kipimo cha uaminifu wa rangi, kinachoandikwa CRI au Ra. Kwa vitambaa tafuta 90; usishuke chini ya 80. Vinginevyo mteja atanunua kitenge cha zambarau, akifika juani akute ni kahawia, na lawama zitarudi kwako.

Vya mbele vina adui mwingine: jua lenyewe. Kitambaa kinachopigwa na jua la jioni hupauka kwenye mikunjo. Zungusha bidhaa za mlangoni kila baada ya siku chache.

Hewa isiyokwama

Chumba chenye tundu upande mmoja tu hupumua vizuri hadi kina cha mara mbili na nusu ya dari yake. Dari ya mita 3 inakupa mita 7.5. Mita nne na nusu za nyuma zinabaki na joto, harufu ya kitambaa kipya na pumzi za watu.

Ukuta wa nyuma ukipakana na uchochoro, weka feni ya kunyonya hewa karibu na dari ya stoo, na kiambaza kisifike juu: acha sentimita 40 ili hewa ipite. Hewa itaingia mlangoni, itembee duka zima, itoke nyuma. Kama nyuma ni duka la mwingine, hewa moto itafutiwe njia ya kurudi juu ya mlango, kupitia wavu, na feni za ukutani ziisukume kuelekea huko. Feni ya dari ipewe nafasi: mapanga yake yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni, na taa isikae juu yake, la sivyo kivuli cha mapanga kitapepesa duka zima na kumchosha kila mtu.

Kiyoyozi kinataka mlango wa kioo uliofungwa, na mlango uliofungwa humfanya mtu wa kipato cha kawaida ajiulize kama bei za humo ni zake. Pima kwa mtaa wako. Kwa fremu nyingi, feni nzuri na mlango wazi huleta wateja kuliko baridi.

Kituo cha katikati: kaunta, benchi na kioo

Kaunta mlangoni ni geti. Kaunta mwisho kabisa inamwacha mwenye mkono mwepesi peke yake na nguo zako. Iweke ubavuni, kwenye mita ya 5, kina cha sentimita 45 na urefu wa mita moja, muuzaji akiwa ameupa ukuta mgongo. Kutoka hapo anaona mlango kushoto na ukuta wa mwisho kulia bila kusimama. Nyuma yake usiweke rafu. Sentimita 70 anazohitaji kusimama zinatosha, na ukutani mahali hapo tundika leseni ya biashara, inayotakiwa ionekane, na cheti cha namba ya mlipakodi (TIN). Upande wa pili wa njia rafu ikiwa ya sentimita 35, inabaki mita 1.5. Wapishane, na kiti cha magurudumu kigeuke. Kipande kimoja cha kaunta kishuke hadi sentimita 80 ili aliyekaa naye alipe na kupokea risiti ya mashine ya EFD uso kwa uso.

Mkabala wa kaunta, toa rafu ya mita moja na uweke benchi. Najua inauma. Lakini fikiria jinsi watu wetu wanavyonunua. Mama anakuja na binti, bibi harusi anakuja na shangazi, mke anakuja na mume aliyebeba mtoto. Duka jembamba humtupa msindikizaji nje, anasimama mlangoni, jua linampiga, na baada ya dakika tano anaita: "Twende bwana, tutaangalia kwingine." Umepoteza mauzo kwa kukosa ubao wa sentimita 35 kwa 100. Nyumba za pwani ziliweka baraza za mawe mbele kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Wewe hamishia baraza ndani. Akikaa, ataulizwa "hii je?", naye atajibu, na mazungumzo ya watu wawili yakipata kituo katikati ya duka, anayepita nje anaona duka lina watu.

Kioo cha kujitazamia kikae hapa hapa, ukuta mrefu, kirefu kutoka karibu na sakafu hadi juu ya kichwa. Kinarudisha ukuta wa pili na kulipanua duka. Kimoja kinatosha, viwili vikitazamana vinazaa vichochoro visivyo na mwisho. Chumba cha kujaribia nyuma ya kiambaza kiwe cha mita 1 kwa 1.2, kipewe kioo chake, ndoano mbili, kigoda na pazia linalofika chini na kufunga pembeni zote mbili. Mwanamke haangalii uzuri wa pazia. Anaangalia kama lina mwanya.

Sakafu na dari

Marumaru ndefu za mfano wa mbao zikilazwa kwa urefu wa duka zinachora reli hadi mwisho. Zilaze kwa upana, kila mstari unausukuma ukuta pembeni. Kama sakafu ipo tayari na huna fedha ya kubadili, mkeka au kapeti fupi iliyobandikwa vyema, ikikatiza kwenye kituo cha katikati, inafanya kazi hiyo hiyo: inakata safari vipande viwili. Ncha zake zisijikunje, watu watajikwaa.

Jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za rangi iache kwa ukumbi wa harusi. Kwenye upana wa mita 3 inashusha dari na kukamata macho yabaki juu. Dari nyeupe iliyo safi inatosha.

Mlangoni

Sasa, mwisho kabisa, tumefika wanakoanzia wengine. Mita 1.5 za kwanza ziache karibu tupu. Mtu anayetoka kwenye kelele za bodaboda na jua anahitaji hatua mbili tatu za kupunguza mwendo. Chochote ulichoweka hapo hakioni. Mdoli mmoja au miwili, upande mmoja tu, ikitazama barabarani kwa pembe. Katikati pabaki wazi ili ukuta wa mwisho uonekane.

Kizingiti kinataka mteremko wa moja kwa kumi na mbili. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji sentimita 180, ambazo zitaziba njia ya waenda kwa miguu. Tengeneza basi bamba la chuma la kuweka na kuondoa, na uandike ukutani kwamba lipo.

Salamu nayo ni sehemu ya ramani. Muuzaji anayekaa mlangoni na kumshika mtu mkono anamfanya ajitetee kabla hajaona. Mwache avuke kipenu, kisha msalimie kutoka kaunta: "Karibu mama, kuangalia bure." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mlango mmoja, moto mmoja

Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na kila mwenye duka mtaani hapo anakumbuka alikuwa wapi. Fremu yenye kina ina njia moja ya kutokea, na ile njia ya katikati tuliyoilinda kwa ajili ya mauzo ndiyo itakayomtoa mtu hai. Usiizibe kwa marobota hata siku ya mzigo. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na kaunta, upande wa kutokea. Ukiwa stoo, utalazimika kuukimbilia motoni. Waya zisambazwe na fundi mwenye leseni (kwa Tanzania Bara, ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji), si kwa mnyororo wa ekstensheni nyuma ya vitenge. Jiko la kuchemshia chai lisiingie stoo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo Tanzania ni 114, ibandikwe kaunta.

Fedha zikiwa kidogo

Fuata mpangilio huu, usiruke. Jumapili ya kwanza, toa kila kilichoko katikati na kwenye kipenu, haigharimu kitu. Ya pili, rangi: kopo moja la iliyokolea kwa ukuta wa mwisho, nyepesi kwa kuta ndefu. Ya tatu, taa nne za kule mwisho, kisha zinazofuata kadiri unavyouza. Ya nne, mwite seremala kwa benchi na kiambaza, kisha ukipe kiambaza rangi na taa zile zile za ukuta wa mwisho. Rafu mpya, marumaru na kiyoyozi vije baadaye kabisa, au visije.

Baada ya kila Jumapili vuka barabara saa saba mchana, usimame pale pale uliposimama mwanzo, utazame. Mpe mpita njia mmoja asiyekujua swali moja: "Kule ndani kabisa, unaona nini?" Akikutajia jina la kanga iliyoko ukutani, mita zako 12 zimeanza kulipa kodi yao.